Jinsi ya kufuatilia jiji linavyojijenga baada ya kimbunga, ukiwa Mbeya

Kimbunga huvuma siku moja au mbili. Waandishi wa mashirika makubwa hukaa wiki mbili hivi, kisha huhamia kwenye janga jingine. Baada ya hapo inabaki kazi ya miaka: daraja, transfoma, bomba la maji, paa la shule. Mwongozo huu ni wa mtu aliye Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa anayehitaji kujua kazi hiyo imefikia wapi. Anaweza kuwa dereva anayevuka mpaka wa Kasumulu kwenda Blantyre, mfanyabiashara wa mchele wa Kyela au mbao za Mafinga, mwenye ndugu Beira, au karani wa mizigo anayejua kuwa Malawi haina bahari: bandari ya Beira ikiyumba, mizigo yake hutafuta njia nyingine, na mojawapo ni Dar es Salaam kupitia kwetu.

Mifano mingi itatoka kwenye majiji mawili. Beira, Msumbiji, ilipigwa na kimbunga Idai usiku wa kuamkia 15 Machi 2019. Blantyre, Malawi, ilipigwa na kimbunga Freddy kati ya 12 na 14 Machi 2023.

Chagua vitu, usichague jiji

Ukitafuta "Beira baada ya kimbunga" utaletewa makala za kumbukumbu ya mwaka mmoja, miwili, mitano, karibu zote zikiwa na picha ya mama aliyesimama mbele ya nyumba isiyo na paa. Hazikuambii kama lori la tani 30 linapita. Chagua vitu vitano hadi saba. Kila kimoja kiwe na jina, kiwe na mwenye dhamana, na kiwe na hali unayoweza kuijibu kwa ndiyo au hapana: daraja fulani linapitisha malori? Mtaa fulani una maji ya bomba? Shule fulani imeezekwa?

Kapichira inaonyesha kwa nini. Kimbunga Ana kilipopita kusini mwa Malawi mwishoni mwa Januari 2022, mafuriko ya mto Shire yalibomoa sehemu ya bwawa la kituo cha umeme cha Kapichira, na karibu megawati 130 zikatoka kwenye gridi. Freddy ilipofika, mwaka mmoja na zaidi baadaye, kituo kilikuwa bado kinatengenezwa. Aliyekuwa akifuatilia "umeme wa Malawi" kwa ujumla aliona giza moja tu na kulibebesha Freddy lote. Aliyeandika "Kapichira" kwenye mstari wake, na "nguzo na nyaya za Blantyre" kwenye mstari mwingine, aliona matatizo mawili yenye umri tofauti, na aliweza kukisia ni lipi lingeisha kwanza.

Jina la mtaa ni bora kuliko jina la jiji. Kwa Beira weka Munhava, Macuti, Praia Nova, Manga. Kwa waliohamishwa weka Mandruzi, wilaya ya Dondo, ambako familia nyingi zilipewa viwanja baada ya Idai. Kwa Blantyre weka Chilobwe, Ndirande, Chilomoni na miteremko ya mlima Soche, maana kule watu wengi walifukiwa na tope na mawe yaliyoporomoka, na hadithi ya kujenga upya mlimani si sawa na ya kujenga upya bondeni.

Nani asikilizwe kwa jambo gani

Hakuna chanzo kinachofaa kwa kila kitu, na kosa la kawaida ni kumwamini mtu kwa jambo lisilo lake kwa sababu alisema kweli kwenye jambo lake.

Kwa idadi ya waathirika na kambi, Malawi ina idara ya maafa inayojulikana kwa kifupi DoDMA. Msumbiji ina INGD, ambayo wakati wa Idai iliitwa INGC, kwa hiyo tafuta majina yote mawili unaposaka taarifa za zamani. Kwa barabara za Msumbiji, mwenye dhamana ni ANE. Umeme ni EDM kule na ESCOM Malawi, na uzalishaji wa Malawi ni EGENCO, si ESCOM. Hilo la mwisho huwachanganya hata waandishi. Kurasa za Facebook za taasisi hizi mara nyingi hutangulia tovuti zao. Tovuti huenda ikakaa miezi bila kuguswa.

Tovuti ya ReliefWeb ya Umoja wa Mataifa hukusanya ripoti za mashirika kwa nchi na kwa janga. Ni nzuri kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo ripoti hupungua kwa sababu fedha za dharura zimekwisha, na wasomaji wengi hudhani ukimya huo ni dalili ya kupona.

Magazeti na redio za mahali penyewe ndizo hudumu. *Diário de Moçambique* huchapwa Beira kwenyewe, na Rádio Moçambique ina kituo cha mkoa wa Sofala kinachotangaza pia kwa lugha za wenyeji. Malawi kuna *The Nation*, *The Daily Times* na redio Zodiak. Soma kurasa za ndani. Habari ya kalavati lililosombwa mara ya tatu haifiki ukurasa wa mbele.

Blogu na kurasa za watu binafsi zipime kwa mambo matatu kabla ya kuzitegemea. Mwandishi anataja mtaa na njia kwa jina? Picha zake zina tarehe? Alipokosea, alirudi kusahihisha pale pale, au alifuta kimya kimya? Anayefuta usimtegemee, hata kama ana wafuasi laki moja.

Halafu kuna madereva. Kwa swali la "panapitika?" hakuna ofisi inayowashinda watu waliolala jana Karonga au Mzuzu, kaskazini mwa Malawi. Kwa swali la "kwa nini hapapitiki na patafunguka lini?" uvumi wao hauna thamani kuliko wa mtu mwingine yeyote. Ujumbe wa sauti unaozunguka WhatsApp hauna tarehe, kwa hiyo usiupokee mpaka umepata majibu ya maswali matatu kutoka kwa mtu aliyeutuma: uliona mwenyewe? Ilikuwa lini, saa ngapi? Ulikuwa umesimama wapi? Kama jibu la kwanza ni "nimetumiwa tu," andika "haijathibitishwa" na usiusambaze.

Maneno ya kutafutia

Habari nyingi za Beira ziko kwa Kireno, na kuzitafuta kwa Kiswahili au Kiingereza ni kujinyima robo tatu ya kinachopatikana. Huhitaji kujua Kireno. Unahitaji maneno nane hivi: *ciclone* ni kimbunga, *cheias* mafuriko, *ponte* daraja, *estrada* barabara, *cortada* iliyokatika, *reconstrução* ujenzi mpya, *reassentamento* kuhamishiwa makazi mapya, *concurso* zabuni. Unganisha neno moja na jina la mtaa na mwaka: "Munhava cheias 2025". Matokeo yakija, tumia kitufe cha kutafsiri cha kivinjari. Tafsiri ya mashine hutosha kwa maana ya jumla, lakini majina ya mahali huyapotosha, na mto Pungué huandikwa pia Pungwe au Púngoè. Jaribu yote.

Kwa Malawi, magazeti mengi ni ya Kiingereza, ila redio na kurasa za mitaani hutumia Kichewa. Mtu wa Kyela au Rungwe atapata njia haraka: *madzi*, *mvula* na *nyumba* hazihitaji mkalimani. Ongeza *namondwe* kwa kimbunga, *mlatho* kwa daraja, *msewu* kwa barabara, *magetsi* kwa umeme.

Ukishapata mchanganyiko wa maneno unaoleta kitu, uweke kwenye Google Alerts ili barua pepe ije yenyewe mara moja kwa wiki. Usichague kila siku. Utachoka na kuanza kuzifuta bila kusoma. Blogu zenye mlisho wa RSS (orodha ya makala mpya inayojisasisha yenyewe) ziweke kwenye programu moja ya kusoma milisho, ambayo hula bando kidogo sana ukilinganisha na kufungua kurasa moja moja, na huhifadhi maandishi usome hata mtandao ukikatika.

Saa, sarafu na tarakimu

Malawi na Msumbiji ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tangazo la Blantyre kwamba umeme utarudi 14:00 maana yake ni saa 8 mchana kwao, saa 9 mchana kwetu. Kwenye daftari andika saa ya Tanzania pekee, la sivyo utampigia ndugu yako kumwambia umeme umerudi wakati bado amekaa gizani.

Fedha zina mtego mkubwa zaidi. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola moja iliyokuwa karibu kwacha 1,180 ikawa 1,700. Mkataba uliotangazwa kwa kwacha katikati ya 2023 na mwingine wa 2024 hauwezi kuulinganisha kwa kuangalia namba. Bomba na nyaya hununuliwa nje kwa dola, kwa hiyo mradi wa bajeti ileile hupata bomba chache. Andika tarehe ya tangazo na ubadilishe kuwa dola kwa kiwango cha siku hiyo, si cha leo.

Idadi ya vifo hupanda kwa wiki kadhaa, na huo si ushahidi wa uongo. Blantyre na wilaya jirani zilipokatika barabara, hesabu ya kwanza ya Freddy ilikuwa 99. Siku tatu baadaye ikawa 326. Mwishowe serikali ikataja 679 waliokufa na 537 waliopotea. Utaona wengine wakiandika "zaidi ya 1,200" na wengine "679", na wote wanasoma taarifa moja: wa kwanza wamejumlisha waliopotea. Weka safu mbili. Kwa Idai ilienda kinyume. Tarehe 18 Machi 2019 Rais Filipe Nyusi alisema huenda vifo vikazidi 1,000 wakati vilivyothibitishwa vilikuwa 84, na hesabu rasmi ya Msumbiji ikaishia kidogo juu ya 600. Makisio na hesabu visikae safu moja.

Namba nyingine iliyozunguka dunia ni "asilimia 90 ya Beira". Shirikisho la Msalaba Mwekundu lilisema hivyo baada ya kuangalia kutoka angani siku za mwanzo, na maneno yake yalikuwa *imeharibiwa au kubomolewa*. Nyumba iliyopoteza bati mbili imo humo, na iliyobaki msingi imo humo. Kwa mtu anayetaka kujua mahitaji ya mbao, tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Kambi nazo zina ujanja wake. Freddy iliwatoa watu zaidi ya 650,000 majumbani, wengi wakalala kwenye shule. Taarifa ikisema kambi zimefungwa, swali linalofuata ni walikwenda wapi. Mara nyingi kambi hufungwa ili watoto warudi darasani, na familia huhamia kwa ndugu au kwenye hema nyuma ya nyumba iliyoanguka. Tafuta neno linalotaja makazi ya kudumu. Lisipokuwepo, mstari wako ubaki wazi.

Kutoka ahadi hadi zege

Hapa ndipo ufuatiliaji unapolipa. Mradi wa kujenga upya hupita hatua hizi: tathmini, ahadi ya wafadhili, mkataba wa fedha uliosainiwa, zabuni, mkandarasi kukabidhiwa eneo, kazi, makabidhiano. Vyombo vya habari hupenda hatua ya pili na ya mwisho. Miradi hufia katikati.

Mkutano wa wafadhili uliofanyika Beira 31 Mei na 1 Juni 2019 uliahidi dola bilioni 1.2, wakati tathmini ilikuwa imesema zinahitajika bilioni 3.2. Ukisoma kichwa cha habari cha siku ile bila kuangalia namba ya pili, utadhani jiji limepona. Na ahadi hiyo yenyewe haikuwa fedha mkononi: ahadi za namna hii huwa na mikopo ndani yake, na wakati mwingine fedha za miradi ya zamani zilizopewa jina jipya.

Dalili tunayoiamini kuliko zote ni tangazo la zabuni. Hakuna anayelitoa kwa ajili ya kupigwa picha. Lina jina la kazi, mahali, tarehe ya mwisho, na mara nyingi chanzo cha fedha. Huchapwa kwenye magazeti ya kila siku na kurasa za taasisi husika. Ukiliona, hesabu miezi kadhaa kabla ya kuona mchanga umeshushwa. Likirudiwa kutangazwa kwa kazi ileile, jua la kwanza lilikwama: waombaji hawakutosha, bei zilizidi bajeti, au kuna malalamiko. Benki ya Dunia nayo huchapisha kwenye tovuti yake ripoti za maendeleo ya kila mradi wake; nenda moja kwa moja kwenye jedwali la fedha zilizotolewa. Mradi wa miaka mitano ulio mwaka wa tatu na umetoa asilimia 15 tu ya fedha hautamalizika kwa wakati, hata waziri aseme nini.

Kalenda husaidia kujua lini uangalie. Mwaka wa fedha wa Malawi huanza 1 Aprili, wa Msumbiji 1 Januari, wetu 1 Julai. Kwa Malawi, basi, fungua macho Februari na Machi, bajeti ikiwa bungeni: kitu chako kimetengewa fedha au hakimo? Kazi nzito za madaraja na barabara hufanyika kiangazi, Mei hadi Oktoba. Kama Agosti imefika na hakuna mashine eneo la kazi, mvua za Novemba zitalikuta daraja la muda likiwa palepale.

Picha

WhatsApp hufuta taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya picha, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta. Ipitishe picha kwenye Google Lens kuona kama ilishawahi kutumika. Picha ya mafuriko ya 2019 haina ugumu wa kujifanya ya juzi. Kwa video, piga skrini shoti sehemu tatu tofauti na utafute kila moja.

Kisha tazama maandishi. Kibao cha duka kwa Kireno hakiwezi kuwa Blantyre. Namba za magari ya Malawi huanza na herufi za wilaya, BT kwa Blantyre, LL kwa Lilongwe, japo magari husafiri, kwa hiyo gari moja halithibitishi kitu. Magari kumi yaliyoegeshwa yanathibitisha. Upande wa kuendesha hautakusaidia, maana nchi zote tatu tunashika kushoto.

Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 hupatikana kila baada ya siku tano hivi, na nukta moja ni mita 10 ardhini. Zinatosha kuona mto umehama, shamba limefunikwa na maji, au mtaa mpya wa makazi umefunguliwa. Hazitoshi kuhesabu paa. Wakati wa mvua wingu hufunika kila kitu. Hapo badilisha kwenda Sentinel-1, ya rada, inayopenya wingu na kuonyesha maji kwa weusi.

Daftari

Daftari la karatasi au jedwali la simu, vyote sawa. Kila kitu kiwe na ukurasa wake, na kila ingizo liwe na tarehe ya tukio, tarehe uliyosoma, nani kasema, na hali kwa neno moja: imekatika, ya muda, inajengwa, imekamilika, haijulikani. Tarehe mbili ni lazima. Habari nyingi "mpya" ni za wiki tatu zilizopita zilizonakiliwa upya, na bila safu ya tarehe ya tukio utaona daraja linakatika mara mbili.

Jambo lolote litakalokufanya utoe pesa, kupakia gari au kumrudisha mtu nyumbani, lisubiri vyanzo viwili visivyonakiliana. Gazeti lililonukuu ukurasa wa idara ya maafa na ukurasa wenyewe ni chanzo kimoja. Dereva aliyepita na tangazo la ANE ni viwili.

Ukiwa Kasumulu au Ipyana, zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja kwenye simu, na data ya ng'ambo. Simu hunasa minara ya upande wa pili wa mto Songwe na bando lako la Tanzania halifanyi kazi huko. Vocha ndiyo itakayoliwa.

Kabla ya kuanza na jiji la mbali, jaribu njia hii kwa wiki tatu na tukio la hapa. Tarehe 14 Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka mlima Kawetere na kufunika nyumba eneo la Itezi, jijini Mbeya. Tafuta kilichoandikwa, jaza ukurasa, kisha panda daladala ukaangalie. Utagundua ni vyanzo vya aina gani huchelewa, vipi hupamba, na vipi viliandika kilichopo. Tabia hizo utazikuta Beira na Blantyre pia.

Mstari wa kitu usiufunge siku ya kukata utepe. Uache wazi mpaka kipite msimu mmoja kamili wa mvua, Novemba hadi Aprili. Beira ilipata kimbunga Chalane 30 Desemba 2020 na Eloise 23 Januari 2021, na sehemu ya vilivyorekebishwa baada ya Idai viliharibika tena. Daraja lililoandikwa "imekamilika" Oktoba liangaliwe upya Mei, kwa chanzo kilichopita juu yake.